Muulize Mwalimu wa Usukani: Samaki Hana Indiketa

Barua za mwezi huu zimenifanya nicheke peke yangu kwenye daladala. Nane kati ya kumi zinahusu mjini kati hapa Mwanza, na sishangai. Barabara ya Kenyatta inaleta magari ya Nyegezi na Mkuyuni, Nyerere inaleta ya Igoma, Nyakato na Mabatini, Makongoro inaleta ya uwanja wa ndege na Kirumba, na zote tatu zinamwaga mahali pamoja, katikati ya vilima na ziwa. Huwezi kupanua kwa kuwa upande huu kuna jiwe kubwa kama nyumba na upande ule kuna maji. Kwa hiyo watu wanazunguka. Anayetafuta pa kuegesha anazunguka, bajaji isiyo na abiria inazunguka, na aliyekosa njia anazunguka akijifanya anatafuta pa kuegesha.

Kwa wasomaji wapya: nimefundisha udereva mji huu miaka 22, kiti cha kushoto, mguu juu ya breki ya pili. Ninayoyasema nimeyapata pale.

*Shikamoo mwalimu. Nina leseni ya miezi mitatu na Vitz niliyoinunua kwa mkopo. Kila nikifika kipilefti cha Samaki, ule mzunguko wa barabara wenye sanamu ya samaki katikati, nasimama, magari hayaishi, na walio nyuma wananipigia honi hadi natoka jasho. Juzi nikajipa moyo nikaingia, daladala ikanichomekea kutoka kushoto, konda akatoa kichwa dirishani akanitukania ukoo. Naomba unieleze, pale nani ana haki? Na indiketa niwashe lini? — Dereva Mpya, Nyegezi*

Marahaba mwanangu, na pole kwa ukoo wako.

Hilo neno haki tuliweke kwanza kwenye buti. Kila mwanafunzi wangu amelileta siku ya kwanza: "Mwalimu, hapa mwenye haki ni mimi?" Alama za kwenye makutano kazi yake ni kumwambia mmoja wenu apishe. Ile pembetatu iliyosimama kichwa chini inamwambia mtu: pisha. Ile nyekundu ya pembe nane inamwambia: simama kabisa, tairi zitulie, ndipo utazame. Ukipishwa, haki yako imefika. Usipopishwa, ulichonacho ni hoja tu ya kumweleza trafiki huku bampa liko chini.

Sasa kwenye kipilefti anayepisha ni nani? Ni wewe unayeingia. Nchi yetu tunaendesha kushoto, magari yanazunguka kama mshale wa saa, kwa hiyo aliye ndani anakujia kutoka kulia. Tazama kulia. Akiwa karibu, msubiri. Akiwa mbali, ingia. Ndiyo sheria yote, nyingine ni mapambo.

Utaniuliza kwa nini aliye ndani ndiye apite kwanza. Umepanda daladala stendi saa kumi na mbili jioni? Abiria wa kushuka wamesimama mlangoni, wa kupanda wamewakabili na mifuko ya dagaa, wote wanasukumana, na hakuna anayeshuka wala anayepanda. Konda mwenye akili anapiga bati: shusha kwanza! Kipilefti ni mlango wa daladala. Aliye ndani akilazimika kusimama ili wewe uingie, atasimama mbele ya njia ambayo mwenzake alitaka kutokea, huyo naye atamfungia mwingine, na kabla hujameza mate duara zima limefunga kama kufuli. Waingereza, walioeneza vipilefti hivi tulivyorithi, waliishi na kufuli hiyo miaka mingi. Ilikuwa 1966 ndipo wakaweka sheria ya kumpisha anayetoka kulia, na vipilefti vilivyokuwa vinajifunga vikaanza kutiririka bila kuongezwa hata tofali moja.

Turudi kwenye Vitz yako. Kosa lako, kwa jinsi ulivyoandika, ni kwamba unasubiri barabara iwe tupu. Mjini haiwi tupu, labda siku ya Idi alfajiri. Unachosubiri ni nafasi. Fika ukiwa umepunguza mwendo, gia ya pili, usifike ukiwa umekwisha kusimama moyoni. Tazama tairi la mbele la gari linalokuja kulia kwako. Usitazame indiketa yake, wala uso wa dereva. Indiketa inaweza kuwa imesahaulika inawaka tangu Buzuruga, na dereva anaweza kukutazama huku anawaza marejesho ya mkopo wa VICOBA. Tairi halijui kudanganya. Likianza kukunjia kushoto, anatoka, nafasi ni yako. Likiwa limenyooka au limekunja kulia, bado anazunguka, msubiri.

Indiketa: kama unatoka njia ya kwanza kushoto, washa kushoto kabla hujaingia na ukae upande wa kushoto. Kama unanyoosha, ingia bila indiketa, ukishapita njia iliyo kabla ya yako washa kushoto utoke. Kama unakwenda kulia au unageuza urudi ulikotoka, washa kulia, kaa upande wa ndani karibu na samaki, na ukipita njia iliyo kabla ya yako badili uwashe kushoto. Hapo pa kubadili ndipo wengi wanapofia. Nilikuwa na mwanafunzi, muuza dagaa wa Mwaloni, mtu mzima mwenye sauti ya kusikika hadi Ukerewe. Siku ya kwanza aliingia upande wa ndani vizuri kabisa, kisha akashindwa kutoka. Tukazunguka mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu akataka kukunja usukani kushoto kwa nguvu bila kutazama kioo, nikakanyaga breki yangu, tukasimama pua ikiwa inchi chache na bodaboda iliyobeba kreti za soda. Nikamwambia, "Baba, tutazunguka hadi mafuta yaishe, lakini kushoto hukati bila kutazama kioo." Mzunguko wa tano akatoka, akashangilia kama amefunga goli. Ukikosa njia yako, zunguka tena. Samaki hatozi nauli.

Kuhusu daladala iliyokuchomekea: hukuwa na kosa, lakini ulimwachia mwanya. Aliyekaa katikati ya njia mbili, si ya nje si ya ndani, anawaambia wote kwamba hajui anakokwenda, na dereva wa daladala anaisoma hiyo kuliko anavyosoma alama yoyote. Chagua upande wako kabla ya kuingia, ukae hapo kama umepigwa misumari. Na honi za nyuma waache wazipige. Wao hawaoni kinachokuja kulia kwako.

*Mwalimu habari. Mimi nina bajaji, kijiwe changu kiko karibu na Makoroboi. Kuna mtaa mmoja nyuma ya maduka nimekuwa nikipita miaka. Wiki iliyopita nikasimamishwa, nikaambiwa nimeingia barabara ya upande mmoja kinyume, nikaandikiwa faini. Nikarudi kutazama alama: ipo, lakini imefunikwa na tawi la mwarobaini, na chini yake mtu amening'iniza mashati ya mitumba. Je, hii si kuonewa? — Mwenye Bajaji, Makoroboi*

Nilipoipata barua yako nilifunga safari. Jumatano asubuhi, saa mbili, kwa miguu. Uko sahihi. Nilisimama pale ambapo bajaji yako ingesimama, nikaona majani, nikaona kola ya shati la buluu, na katikati yake kipande cha wekundu kisichofika ukubwa wa kisahani cha chai. Kile kiduara chekundu chenye mstari mweupe uliolala, usiingie, ndicho kilichokuwa kimejificha hapo.

Lakini nikakaa kidogo kwa muuza kahawa, nikatazama mtaa. Magari tisa yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili, na yote tisa yalikuwa yanatazama huku niliko. Hakuna hata moja lililonipa mgongo. Chini, lami ilikuwa na mshale, umechubuka, umebaki kama alama ya chaki, ila ncha yake ilikuwa inanielekea mimi. Mwisho wa mtaa niliona bango la buluu la mshale mweupe, kwa mgongo. Na katika dakika ishirini za kahawa hiyo, kila chombo kilichokuja kilikuja kikinitazama usoni, isipokuwa bodaboda wawili na mkokoteni mmoja. Mtaa wenyewe ulikuwa unasema.

Wewe hukuusikia kwa sababu unapita kwa mazoea. Usiudhike. Sote hapa Mwanza tunaendesha kwa mazoea, na hata kuelekezana tunaelekezana kwa vitu: kata kwa Samaki, pandisha na Bugando, ukiona jiwe kubwa teremka. Jiwe halihami, kwa hiyo tunalikariri na hatutazami tena. Mwelekeo wa mtaa unahama. Wakiugeuza leo, kichwa chako kitaendelea kuingia kwa njia ya jana. Nilikuwa nawapitisha wanafunzi mtaa mmoja mara mbili siku moja, mara ya pili nawaomba wanitajie alama zote kwa sauti, kama anasoma kitabu kwa mtoto. Aliyezaliwa mjini alikuwa anakosa nyingi kuliko aliyetoka Magu juzi.

Faini yenyewe: kwa pikipiki na bajaji kosa moja ni shilingi 10,000 tangu mwaka 2021. Zamani mlikuwa mnalipa 30,000 sawa na wenye magari. Ukiona umeonewa kabisa, unayo njia ya kukataa kosa na kwenda kujieleza mahakamani, ukiwa na picha za lile tawi. Pima mwenyewe siku ya kupoteza na shilingi elfu kumi. Mimi ningelipa, halafu ningepiga picha mbili, moja ya mbali na moja ya karibu, nikazipeleka kwa wenye barabara. Mitaa ya mjini kama huo iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017. Barabara kuu zinazotoka nje ya mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu. Watu wanapeleka malalamiko ya mtaa kwa wenye barabara kuu, wanarudishwa, wanakata tamaa, na mwarobaini unaendelea kumea.

Yule wa mashati nilizungumza naye mwenyewe. Alisema hakujua kwamba kile ni kibao cha serikali, alidhani ni mlingoti tu. Ameyahamisha. Tawi lilikuwa bado lipo nilipoondoka.

*Mwalimu, mtu akikuwashia taa za mbele kwenye njia panda anamaanisha upite au usipite? — Mama Duka, Kitangiri*

Dada yangu, inategemea aliyewasha amezaliwa wapi na ana haraka gani. Kuna anayewasha mara moja kukwambia "pita mama," na kuna anayewasha mara moja kukwambia "ole wako." Nimeona magari mawili yakigongana huku kila mmoja akidhani mwenzake amemkaribisha. Usipite kwa taa ya mtu. Pita gari lake likipunguza mwendo na pua yake ikiinama. Breki zikikamata, pua inainama, hata kwa Hiace iliyochoka.

*Taa ni nyekundu, trafiki amesimama katikati ananiita nije. Nimtii nani? Nimeogopa kupigwa picha. — Msomaji wa Igoma*

Mtii trafiki. Askari akiwepo anaongoza magari, taa ni mapambo. Akikunyooshea kiganja huku taa ni kijani, simama vilevile.

*Mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzio, ila wa Kiswahili, Dar es Salaam. Kila toleo unaandika "kipilefti." Hilo si neno, ni kosa la watu wa barabarani. Andika "mzunguko." Usitufundishie watoto vibaya. — Mwalimu Mstaafu, Temeke*

Mwalimu mwenzangu, shikamoo. Nakubali kwamba mzunguko ni neno zuri, na kwenye hati rasmi liandike. Lakini kipilefti hakikuokotwa jalalani. Wakoloni walipoweka hivyo viduara waliweka na kibao cha Kiingereza, "keep left", kinachoamuru watu washike kushoto. Madereva wetu wa kwanza, baba yangu mmojawapo, aliyekuwa akiendesha lori la pamba, walisoma kile kibao wakadhani ndilo jina la mahali. Kibao kikaenda, jina likabaki. Likapata ngeli yake na wingi wake: kipilefti, vipilefti, kama kikombe na vikombe. Neno lililojitafutia ngeli lenyewe bila kupelekwa kwenye kikao, mimi silifukuzi.

Tena lina faida usiyoiona ukiwa darasani. Ndani ya jina lenyewe mna amri: kushoto. Mwanafunzi wangu akipoteza akili pale mbele, jina la mahali alipo linamkumbusha azungukie upande gani. "Mzunguko" haumwambii chochote, na nimeshawahi kumtoa mtu aliyeanza kuuzunguka kwa kulia. Ilikuwa Jumapili asubuhi, ashukuriwe Mungu.

*Shikamoo bibi. Ninauza vitenge, nina mtoto wa darasa la pili. Kila asubuhi tunavuka barabara kubwa mjini, pana zebra, na magari hayasimami. Mume wangu anasema nisubiri yaishe. Mimi nasema pale ni pangu. Nani kati yetu anasema kweli? — Mama wa Vitenge*

Marahaba mwanangu. Kwa sheria ni wewe. Mtu akiwa kwenye kivuko, gari linasimama, na hili halina daladala wala V8. Lakini umesoma nilivyomjibu yule wa Vitz kuhusu haki, na wewe huna hata bampa.

Kwa hiyo fanya hivi, maana hata mumeo wazo lake litawachelewesha shule. Usisimame nyuma, mbali, ukizungumza na jirani. Dereva akiona mtu amesimama mita mbili kutoka ukingoni anahesabu kwamba unasubiri daladala. Njoo ukingoni, ugeuke uitazame barabara, umshike mtoto mkono akiwa upande ulio mbali na gari linapotoka. Nyoosha mkono wako ulio huru, kiganja wazi, chini kidogo ya bega. Watoto wa shule wanafanya hivyo na magari yanasimama kuliko yanavyowasimamia watu wazima, kwa sababu mkono ulionyooka ni swali ambalo dereva hawezi kujifanya hakulisikia. Ngoja gari la kwanza lisimame kabisa. Kisha, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia, usivuke kwa mfululizo. Fika mwisho wa ubavu wa gari lililosimama, simama, chungulia. Aliyesimama amekufunika. Wa nyuma yake anaona gari limesimama bila sababu, anatanua, anapita ubavuni, na bodaboda kwake kusimama kwa gari ni mwaliko. Mimi nikiwa kiti cha kushoto nimeona mara nyingi: mtu anamshukuru dereva wa kwanza kwa kupunga mkono, anatabasamu, anaingia mbele ya wa pili.

Mwambie na mtoto sababu, usimvute tu. Wa darasa la pili anaelewa. Mjukuu wangu nilimfundisha kwa vifuniko vya soda mezani, kifuniko kikubwa kikimficha kidogo. Siku ya tatu tulipofika kwenye zebra alinivuta mimi nyuma kwa gauni, akasema, "Bibi, subiri, kuna kingine nyuma yake." Na kweli kilikuwepo, bodaboda mwenye gunia la mkaa.

Na wewe wa Vitz, kama umesoma hadi hapa: yule anayesimamisha gari kwenye zebra, atazame kioo cha pembeni kabla hajampungia mama apite. Kama kuna kinachokuja ubavuni, usimpungie. Tuliza mkono kwenye usukani, mwache aone mwenyewe.